Soksi ya Kengele

Balozi, bingwa wa vituko bwenini, alisimama mbele ya mwalimu wa taaluma apimiwe nafasi yake ya kuingia chuo kikuu.

"Alama zako zinatosha, mwanangu. Imebaki tabia tu, na hiyo naiandika mimi. Nitakusifu."

Balozi akashukuru kwa unyenyekevu wa bwana harusi.

Ndipo mwalimu akaweka mezani soksi ya kijani yenye tundu kidoleni. Jumatatu ilikutwa imefungwa kwenye ulimi wa kengele, na shule nzima, mkuu akiwemo, ilikuwa imelala hadi jua la utosi.

"Nafasi ya rafiki yako ndiyo imeota mbawa," akasema. "Kitanda chake kiko jirani na kengele. Namwandikia kuwa ni mkorofi."

"Amekiri, mwalimu?"

"Analia tu. Asiye na kosa analia nini?"

Ndani ya kiatu cha kushoto, Balozi alivaa soksi ya kijani. Ndani ya kile cha kulia, mguu ulikuwa mtupu.

"Haya, nenda, daktari mtarajiwa."

Balozi hakwenda. Aliinama taratibu, kama mtu anayeingia mahali pa ibada, akaanza kufungua kamba za kiatu cha kushoto.