Mguso wa Kibuyuni

Afisa alikuja saa ya chai kuchukua kibuyu cha mamake Chelagat. Sheria ilikuwa wazi: kila mahali ndani ya ribosomu, kiwanda cha protini cha bakteria, ambapo protini hugusana na RNA ni mali ya taasisi iliyopachora kwanza kwenye ramani, pamoja na kila bakteria mwenye mguso huo.

"Kibuyu changu hakijaguswa na mtu," mama alisema. "Nakiosha mwenyewe, nakipaka mkaa mwenyewe."

"Si mguso wa mkono, mama. Ni wa ndani ya vijidudu vya maziwa lala."

"Na huyo aliyegusa huko ndani alipitia wapi?"

Chelagat hakucheka. Ramani hiyo aliichora yeye, kazini kwenye taasisi hiyo, kwa bakteria wa kibuyu hichohicho. Aliandika kweli tupu: protini hii inagusa RNA hapa. Taasisi ikasoma: hapa ni petu.

"Mguso huu ulikuwapo kabla binadamu hajakama ng'ombe," alimwambia afisa, akizuia sauti isipande. "Mimi niliuona tu. Anayeuona mlima haumiliki."

"Ulitia sahihi mkataba, daktari."

"Basi pokea na ukweli huu. Bakteria wengi wa tumboni mwa watu wana mguso huohuo. Wewe unao sasa hivi. Utajibeba pia?"

Afisa alikitia kibuyu mfukoni, akaufunga mfuko taratibu.

"Matumbo yana sheria yake," alisema bila kumtazama. "Inaanza Julai."