Wavamizi wa Siku ya Harusi

Mkali wa Mombo alifukuzwa saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi. Agripina alibonyeza mara moja tu, jina lake likafutika kwenye kioo cha kompyuta.

"Nenda salama," alisema, kisha akapuliza chai yake.

Agripina alikuwa mjane wa miaka sitini na moja, mkazi wa Korogwe mjini. Kwa miaka ishirini na mbili alipiga chapa kwenye ofisi ya shamba la mkonge, hadi shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi na makarani wote wakaambiwa kwaheri. Wenzake walinunua vyerehani. Yeye alikwenda Tanga kusomea kompyuta, akawa mwanafunzi mwenye umri mkubwa kuliko mwalimu.

Leo elimu hiyo ilikuwa na kazi. Saa sita mchana binti yake wa pekee, Serafina, angefunga ndoa Ujerumani. Viza ya mama ilichelewa, ndege ikaondoka bila yeye. Ikabaki njia moja: rafiki wa bibi harusi angeshika kamera kanisani, na mama angetazama kila kitu akiwa jikoni kwake Korogwe, kwenye meza aliyoisogeza hadi dirishani, ambako waifai ilishika vizuri.

Jumapili iliyopita walikuwa wamefanya majaribio. Serafina aliganda kwenye kioo, mdomo wazi, kwa dakika nne, kisha akapotea. Agripina alilia hadi maharage yakaungua.

Alipopangusa machozi alianza uchunguzi. Akakuta kwenye mtandao kuna watumiaji kumi na mmoja, simu iliyojiita Mkali wa Mombo ikiwamo. Neno la siri lilikuwa limezagaa mtaani kama habari ya msiba: kinyozi alilijua, muuza chipsi alilijua, na vijana wa bodaboda walipaki chini ya ukuta makusudi, simu mkononi. Ila mlango wa ndani wa mtandao, ule wa kupanga nani aingie na nani atoke, ulikuwa bado na neno lile lile la kiwandani. Hakuna aliyewahi kulibadilisha. Agripina alilikumbuka tangu darasani Tanga.

Saa tatu na nusu aliingia shoga yake Yusra, ambaye mtaani wote walimwita Mama Zaidi, na sahani ya vitumbua.

"Umefika wapi, Mama Serafina?"

"Wamebaki watatu."

Yusra alivaa miwani, akainama kwenye kioo. "Ni kama bomba moja na ndoo kumi na moja. Lazima maji yakatike." Kisha akashtuka. "Hee! Hii si simu yangu?"

"Ni yako."

"Unanitoa hata mimi?"

"Hata wewe. Leo binti yangu anaolewa."

Akabonyeza. Yusra alicheka hadi akakaa.

Wa mwisho alipotoka, Agripina aliandika neno jipya la siri, refu, la Kishambaa, lenye namba katikati. Mtandao wenyewe akaubatiza jina jipya: USIPIGE HODI. Nje, vijana wa bodaboda walianza kuzigonga simu zao kwenye viganja. Mmoja aliinua yake juu kama anayetafuta mwezi wa Idi. Baada ya robo saa ukuta ulikuwa mtupu.

Saa tano, Kasmiri alitokea dirishani. Alikuwa jirani wa nyumba ya pili, kijana mwenye duka la mabati, na jasho lilikuwa likimtoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwenu umeme upo?"

"Upo."

"Ajabu. Kwangu taa zinawaka, lakini intaneti imekufa kabisa. Na nina oda ya mabati ya kutuma."

"Pole sana," alisema Agripina. "Labda ni mawingu ya Vugiri. Jaribu tena saa tisa."

Kasmiri alitazama milimani. Anga ilikuwa nyeupe pe, bila hata wingu moja. Akashukuru, akaondoka akijikuna kichwa. Yusra alikuwa ameuma pindo la khanga ili asicheke.

Saa sita kamili kioo kikawaka. Kanisa lilionekana hadi maua ya madhabahuni. Serafina aliingia peke yake, polepole, shingoni amefunga kipande cha kitenge cha mama yake. Alipofika mbele aligeuka, akaitazama kamera.

"Mama, unaniona?"

"Nakuona, mwanangu. Nakuona vizuri."

Hakuna kilichoganda. Agripina aliona bwana harusi akikosea kidole cha pete, akampenda kwa hilo, kisha akaiona pete ikiingia. Watu walipopiga makofi kule, Yusra alipiga vigelegele hapa, na kanisa zima likageuka kutafuta sauti imetoka wapi.

Ilipokwisha, wanawake wawili walipangusa macho yaliyovimba. Yusra akaisogeza sahani ya vitumbua.

"Lakini Mama Serafina, huyu Kasmiri ungemwacha tu. Mtandao wenyewe ni wake."

"Kasmiri?" Agripina aliishika sahani, akachagua kitumbua kilichonona. "Huyo ndiye niliyeanza kumtoa. Katika wote, hakuna aliyekuwa akiutumia kama yeye."