Kimo cha Sévère

Kidole cha Padiri kilishuka polepole kwenye orodha ya majina, mwisho wa kitabu kuhusu mawe kilichotoka Bruseli. Wote walikuwa Wazungu. Wengine walikwisha kufa, lakini nafasi walipewa.

Kaka yangu Sévère ndiye aliyempandisha Muzungu mchunguza mawe milima ya Rurambo, kiangazi kizima. Muzungu alimuahidi: jina lako litaingia kitabuni, na kwa jina hilo shule ya Wazungu ya Bukavu itakupokea.

Padiri akageuza ukurasa, akamwonyesha Sévère picha. "Huyu ni weye, kando ya mwamba."

"Chini wameandika nini?"

"'Mweusi amesimamishwa ili kuonyesha ukubwa wa mwamba.'"

"Kaka, umekuwa fimbo ya kupimia," nilisema. Nilicheka peke yangu.

Padiri alifunga kitabu taratibu. "Bila jina, mwanangu, shule nitaiambia nini?"

"Wameandika minye niko na kimo gani?"

Padiri akakifungua tena. "Meta moja na sabini."

"Ninapita hapo," Sévère alisema. Akavua viatu, akabandika mgongo ukutani, akanyoosha shingo, akangoja tumpime.