Mkalimani wa Benita

Muuguzi alisema maneno mengi kwa Kiingereza, taratibu, akimtazama Benita machoni. Madame Jocelyne akayakunja yote yakabaki kiganja kimoja.

"Anauliza kama unakula chumvi. Sema ndiyo, halafu cheka."

Benita akasema ndiyo. Akacheka.

Chumba kilikuwa kidogo: mzani, kitanda kilichotandikwa karatasi, na juu ya meza kikombe cha chai ya maziwa iliyonukia tangawizi. Joto la siku ile lilikuwa la kukausha mate, lakini Benita alikuwa ndani ya sweta zito. Madame mwenyewe ndiye aliyemvalisha asubuhi, akaivuta mikono ya sweta mpaka ikafika kwenye vidole.

Kama si mteja mmoja, wasingekuja. Jana Benita alianguka saluni kwa Madame, kitana mkononi, akamwangukia mapajani mwanamke aliyekuwa akimsuka. Mwanamke yule, mwalimu asiyejua kunyamaza, akakataa kuinuka kitini. Ama msichana apelekwe kupimwa, ama yeye aite ambulansi. Madame akaona heri kliniki.

"Furahia hewa," alimwambia njiani, wakishuka barabara ya Jules. "Ukirudi ndani leo hutoki tena. Jumapili unakwenda Musina, kule mpakani, kwa kaka yangu. Kule hakuna wateja wenye midomo."

Nauli ya kumtoa kwao Uvira aliitoa Madame. Pasipoti aliishika Madame. Na kufuli la saluni, ambamo Benita alilala sakafuni katikati ya mafurushi ya nywele za bandia, ufunguo wake ulikuwa shingoni kwa Madame. Kiingereza alichokijua Benita kilikuwa cha kiti cha kusukia tu: inauma, haiumi, na "sharp", yaani sawa. Tangu alfajiri alikuwa akitafuta namna ya kusema "nisaidie" bila neno hata moja. Chumba hiki ndicho kilichokuwa nafasi yake, na dakika zilikuwa zinamwagika.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mpana, mwenye pete ya ndoa iliyombana kidole. Kifuani beji iliandikwa Sista Khumalo. Kabla hajawaita ndani alikuwa akimgombeza mzee mmoja kwenye foleni, kwa Kizulu, mpaka benchi zima likacheka.

"Mtazame Mzulu huyu," Madame alisema kwa upole, kana kwamba anaendelea kutafsiri. "Kiuno kama gunia la mkaa, na ndiye anayefundisha watu kula!"

Muuguzi akavuta sare yake ya bluu kiunoni, akachukua mkanda wa presha. Akaufunga kwenye mkono wa kulia wa Benita. Mashine ikanguruma, ikabana, ikalia. Akatazama namba, akakunja paji la uso, akabonyeza tena.

Madame akamwegemea Benita, tabasamu limemjaa usoni.

"Moyo unakwenda mbio wa nini? Kunja uso tu, pasipoti yako naichoma leo hii. Mama yako huko Uvira atakulilia bila kaburi. Haya, cheka, sista anakutazama."

Benita akaonyesha meno. Mashine ikalia. Safari hii namba zilikuwa zimepanda zaidi.

Muuguzi akaugusa mkono wa kushoto.

Madame akaruka na Kiingereza chake, akicheka, akionyesha saa. Muuguzi akatikisa kichwa, akainua mikono yake yote miwili: mgonjwa wa mara ya kwanza hupimwa huku na huku. Kisha, bila haraka, akaukunja mkono wa sweta.

Alama za pasi ya nywele zilikuwa pale, mpya juu ya za zamani, kama mistari iliyochorwa kwa rula.

Muuguzi akauliza neno moja. Madame akamwaga maelezo marefu, akaigiza chuma kinavyoteleza, akajipiga kofi mkononi, akapiga na ukelele wa kuchekesha: "Eish!"

"Nimemwambia unajiunguza kwa uzembe," akamwambia Benita. "Na huyu ameamini yote."

Muuguzi alikuwa anatabasamu kweli, akitikisa kichwa kama mtu aliyesikia mkasa wa jirani. Benita akahisi kitu kinazimika ndani yake. Huyu naye hana macho.

"Mungu wangu, koo limekauka," akajisemea, kwa pumzi tu.

Muuguzi aliinuka, akafungua bomba, akamletea maji. Benita akanywa kwa pupa hata maji yakamlowesha kidevu.

Halafu muuguzi akaandika kikaratasi, akampa Madame, akasema jambo huku akionyesha upande wa dirisha la dawa. Madame akasita. Akamtazama muuguzi, akamtazama Benita, akawapima kama anayechagua nyanya sokoni. Mwisho akacheka.

"Ananituma nikasaini dawa, eti bila mimi hawatoi. Sawa. Bakini. Yeye na Kizulu chake, wewe na Kiswahili chako, pigeni soga mpaka mchoke!"

Akatoka, viatu vyake vikigonga sakafu.

Muuguzi hakusogea. Alisikiliza viatu vile mpaka vilipopinda kona, mpaka vikapotea. Ndipo akaenda mlangoni akasukuma komeo.

Benita akajikunja juu ya kiti, akaufunika mkono wake. Kwake yeye mlango uliofungwa haukuwahi kuleta heri.

Muuguzi akavuta kiti, akaketi karibu naye hata magoti yakagusana, akamshika mkono ule wa kushoto chini kabisa, pasipouma.

"Mwanangu," akasema, "hiyo pasipoti anayotaka kuichoma, ameificha wapi?"