Moto wa Wageni

Asubuhi aliposikia kwamba watu wa komine, serikali ya mtaa, wanapita kukagua nyumba, Mama Honorine alivunja kiti alichoachiwa na marehemu mumewe. Ilikuwa Juni, na baridi ya Lubumbashi ilikuwa imeingia mpaka ndani ya kuta. Komine iliahidi kuwagawia wajane makala, yaani mkaa wa kupasha nyumba zao moto. Lakini yeye aliona haya kupokea wageni mahali penye baridi, tena mjukuu wake alikuwa ametoka kuugua kifua.

Mbao ngumu za kiti ziliwaka vizuri. Bwana wa komine alipoingia, mbabula, jiko lake la mkaa, ilikuwa nyekundu. Alinyoosha mikono juu ya moto, vidole vyake vikalegea kimoja kimoja.

“Aah, mama, huku kwako iko bien, iko joto muzuri,” alisema. “Makala tunapatia bale beko na baridi.”

“Baba, nilichoma kiti juu yenu, mupate joto. Makala sina hata moja.”

“Lakini moto iko.”

Honorine alimtazama akigeuza viganja ili joto lishike pande zote. Kisha akanyanyua sufuria ya maji, akayamwaga yote kwenye mbabula. Mvuke na majivu vikaruka mpaka kwenye suruali ya mgeni.

“Na sasa?” aliuliza.

Bwana alirudi nyuma, akajipangusa magoti.

“Mama, sisi tunaandikaka bile tulikuta. Tulikuta moto.”

Akatoka, akamwambia dereva waendelee mbele.

Mjukuu akasogea, akanyoosha mikono juu ya majivu yaliyolowa.