Mlolongo wa Kathini

Maingi alikuwa amesimama juani, picha ya mkewe kifuani, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Kulia kwake mlolongo wa Mheshimiwa Naftaly ulikuwa umezunguka kiwanja hadi ukatokea getini. Kushoto, wa Mheshimiwa Ondiek ulikuwa unasukumana kama foleni ya maji siku bomba limerudi. Chama kilikuwa kinatafuta mtu wa kukipeperushia bendera ya urais. Wakubwa walikuwa wameamua kwamba kura za siri ni gharama bure. Kila mwanachama asimame nyuma ya picha ya amtakaye, vichwa vihesabiwe. Ila anayeshika picha hahesabiwi.

Kwa hivyo Maingi alihitaji mtu mmoja. Hakuwa anaota ushindi, hakuwa mjinga. Mmoja tu, ili hapa Kaloleni, mtaa alikozaliwa mkewe Kathini, jina lake lisisomwe pamoja na sufuri.

"Niaje, buda!" kijana mmoja kwenye mlolongo wa Naftaly alimpigia kelele. Walikuwa wameletwa kwa lori kutoka Kayole, kofia mpya vichwani. "Hiyo umetoa kwa ukuta ama? Wenzako wako na mabango, wewe unatuletea fremu ya harusi!"

"Kuja line yetu, buda," mwenzake akadakia. "Huku kuna unga."

Wakacheka. Kweli ilikuwa fremu, ya mbao, yenye kioo. Asubuhi alikuwa ameubandua utepe wake mweusi, lakini kipande kimoja kilikuwa kimekataa kutoka kwenye kona. Bango angelitoa wapi? Pesa zote za cherehani ya Kariobangi, za sare za shule alizoshona Kathini hadi macho yakamwuma, zilikwenda kwa ada ya kugombea. Chama kiliipokea kwa mikono miwili. Baada ya hapo hakuna mkubwa aliyepiga simu, hata kuuliza tu mgombea wao yu hali gani.

Kathini alipoomba ukumbi wa mtaa afanye mkutano, alikuta kufuli. Alipopewa nafasi ya kuhutubia, kipaza sauti kikazimika, na kwa Naftaly kikawaka. Walimwambia ajiondoe awaachie wenye nguvu, watamkumbuka baadaye kwa kiti cha kuteuliwa. Aliwacheka usoni. Akavaa viatu vya mpira, akaenda nyumba kwa nyumba na mvua ikimnyea, akihutubia na kukohoa, akikohoa na kuhutubia.

"Mama Ndolo, pumzika basi," Maingi alikuwa akimsihi.

"Nikipumzika watasema fundi wa sare aliogopa suti," alikuwa akimjibu.

Na watu walimpenda. Hilo ndilo lililomkereketa Maingi. Walimkaribisha chai, wakamshika mkono, wakamwambia, "Mama Ndolo, wewe ndiye wetu." Sasa aliwaona kwenye milolongo ya wengine, pakiti za unga kwapani. Kila aliyemtazama aliinamisha kichwa, kana kwamba ameangusha kitu kwenye nyasi.

Kasiva, jirani yao wa ukuta mmoja, alichomoka kwenye mlolongo wa Ondiek akamsogelea.

"Baba Ndolo, jua hili litakuangusha. Twende nikupikie hata uji."

"Simama hapa nyuma yangu, Kasiva. Wahesabu tu, kisha uende zako."

"Mimi Mama Ndolo ni dada yangu, unajua." Aligusa kioo cha fremu kwa kidole. "Lakini hata akipata, Baba Ndolo... hata akipata..."

Aliusukuma unga wake vizuri kwapani, akarudi kwenye nafasi yake kabla haijachukuliwa.

Msimamizi aliyetumwa na makao makuu ya chama, msichana aitwaye Sally, alifika na kipaza sauti chake. Alimtazama Maingi, akatazama nyuma yake, akaona nyasi.

"Mzee, mgombea mwenyewe yuko wapi? Wenzake wamepita kusalimia watu."

"Hatakuja."

"Ameogopa?"

"Huyu?" Maingi aliitazama picha. "Hajawahi kumwogopa mtu."

"Basi niandike sufuri."

"Ngoja kidogo, binti."

Aliiegemeza picha kwenye mlingoti wa goli, taratibu, kama anayemkalisha mgonjwa kitini. Kisha akazunguka, akasimama nyuma yake, mikono ubavuni, kifua mbele.

"Sasa hesabu."

Kicheko kilianza kwa vijana wa Kayole, kikafia njiani. Upande wa watu wa mtaa hakuna aliyecheka tangu mwanzo.

"Lazima picha ishikwe na mtu, mzee," Sally alisema, sauti imeshuka. "Si mimi niliyetunga hiyo kanuni."

"Najua. Waliotunga hawasimami juani."

Msichana alisita, kisha akainua kipaza sauti. "Kuna mtu wa kumshikia mzee hii picha?"

Kiwanja kizima kilisikia. Mtoto alilia mahali fulani, akanyamazishwa. Kasiva aliziba uso kwa leso, lakini miguu yake haikutoka mlolongoni.

"Kathini Maingi," Sally alitangaza. "Sufuri."

Maingi aliiokota picha. Akapangusa vumbi la kioo kwa mkono wa shati, akaikumbatia kifuani, akatoka getini peke yake, akashika barabara ya kuelekea nyumbani.

Mwezi uliopita alikuwa ameibeba vivyo hivyo, barabara ile ile. Siku hiyo Kaloleni nzima ilikuwa nyuma yake, hakuna aliyepewa unga, na wote walitembea polepole, kwa mwendo wa waliobeba jeneza la Kathini.