Mwewe Afuta Ushuru

Minana, ndege wanaosuka viota, walichoshwa na ushuru. Nusu ya majani yao ilikwenda kujengea mnara wa mfalme wao Mwewe, aliyedai kuwa anawalinda na nyoka. Siku moja wakamlilia.

“Ushuru nimeufuta,” Mwewe akasema. “Ila milango ya viota msiiweke chini tena. Iwe juu, nikiwa mnarani nione nani wa kusaidiwa.”

Wakashangilia, wakaanza kufumua viota. Mmoja aliyekuwa ameatamia akauliza, “Na watoto?”

“Dada, unataka ushuru urudi?” Wakamzomea mpaka naye akafumua.

Makinda walipoanguliwa, Mwewe aliwaona wote kutoka juu. Alikula mpaka akasinzia.

Lakini jani la mtu, kweli, hakugusa.